Gawio Nono, Kipande Kinakonda

SWALI: Dada, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Korogwe. Katika kiinua mgongo changu zimebaki milioni 10 na nataka kuziweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaotoa gawio. Kijana mmoja kaniletea karatasi mbili. Mfuko wa kwanza uligawa Sh 14 kwa kipande (sehemu moja ndogo ya mfuko unayoinunua) mwaka uliopita, na kipande leo ni Sh 100. Wa pili uligawa Sh 11, kipande ni Sh 110. Yeye anasema asilimia 14 na asilimia 10, hivyo hakuna cha kufikiria. Tena nimeona kila gawio likilipwa, thamani ya kipande inashuka. Hapo si wizi?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Majina ya mifuko nimeyafuta, lakini karatasi ulizoambatisha nimezisoma mpaka nyuma.

Nianze na hilo la wizi, maana ndilo jepesi. Kabla ya gawio kulipwa, fedha hizo zimo ndani ya mfuko na zinahesabiwa kwenye thamani ya kipande. Zikiingia kwenye akaunti yako, mfukoni hazimo tena. Ukigawiwa Sh 3.50, kipande kinapungua kiasi hichohicho. Hujaibiwa, mradi mapato ya mfuko yakipandishe tena kipande kabla ya gawio lijalo.

Sasa hesabu ya kijana. 14 kwa 100 ni kweli asilimia 14, na 11 kwa 110 ni asilimia 10. Hajakudanganya, ila kaishia nusu ya karatasi. Geuza upande wa pili, kwenye jedwali la thamani ya kipande. Mfuko wa kwanza miaka miwili iliyopita ulikuwa Sh 118, mwaka jana Sh 109, leo Sh 100. Wa pili mwaka jana ulikuwa Sh 108, leo Sh 110.

Milioni zako 10 zingeingia mfuko wa kwanza mwaka jana, ungepokea gawio la kama Sh 1,284,000, na vipande vyako leo vingekuwa na thamani ya Sh 9,174,000. Ukijumlisha, umepata kama Sh 458,000 tu kwa mwaka mzima. Kwenye wa pili gawio lingekuwa kama Sh 1,018,000, na vipande vingefika Sh 10,185,000. Faida yake inapita milioni moja na laki mbili.

Marehemu mama yangu aliuza vitumbua Muheza. Jioni, kabla hajatupa hata shilingi, alitenga hela ya mchele na nazi ya kesho. Mfuko wako wa kwanza unagawa mpaka hela ya mchele. Nakiri kipande kinaweza kushuka kwa sababu nyingine, kwa mfano riba zikipanda sokoni na hatifungani (hati za mkopo ambazo mfuko hununua ili upate riba) za zamani zikapungua bei. Lakini miaka miwili mfululizo, huku gawio likibaki palepale kama saa ya ukutani? Mimi nashuku wanakula mtaji.

Kuhusu historia ya gawio: usichukue gawio la robo moja ya mwaka ukalizidisha kwa nne. Hatifungani za serikali hulipa kuponi, yaani riba yake iliyopangwa, kila baada ya miezi sita, kwa hiyo robo moja inaweza kunona na inayofuata ikakonda. Jumlisha robo zote nne. Halafu uliza gawio hilo lilitoka wapi. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95, mwaka 2022 zile mpya zikashushwa hadi 12.56. Mfuko uliojaza za zamani bado unakula riba ile nono, lakini fedha mpya kama zako zikiingia, meneja ananunua kwa masharti ya siku hiyo. Rekodi ya 2021 usiifanye ahadi.

Kabla hujasaini, omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Tafuta mapato ya mfuko kwa mwaka, uyalinganishe na jumla ya gawio lililolipwa. Gawio likizidi mapato, jibu unalo. Uliza pia gharama za kuendesha mfuko, na siku ngapi hupita kabla ya kulipwa ukiuza vipande. Mstaafu huugua bila miadi.

Na huyo kijana, Mwalimu, muulize kwa upole tu: analipwa na nani ukijiunga?