Aikoni ya Firefox inabofywa lakini haifunguki

Aikoni mara nyingi haina kosa. Mshale ukizunguka kidogo kisha kimya, kwa kawaida Firefox ya awali haikufungika vizuri: bado inaendeshwa chinichini na imeshikilia wasifu wako (folda yenye alamisho, nywila na mipangilio yako), na wasifu mmoja hautumiki na Firefox mbili kwa pamoja. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, orodha ya programu zinazoendeshwa, zima kila Firefox (firefox.exe) unayoiona, halafu bofya aikoni tena. Usikimbilie kuifuta Firefox na kuisakinisha upya, hapo ni kazi bure. Ila ukiambiwa faili haipatikani, basi njia ya mkato, yaani aikoni hiyo unayobofya, ndiyo imevunjika. Ifute, utengeneze nyingine kutoka kwa firefox.exe, faili ya programu yenyewe, ambayo kwa kawaida imo kwenye folda ya Program Files\Mozilla Firefox.