Sindano na kadi ya chama: majibu kwa wasomaji

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu jinsi chanjo ya UVIKO-19 ilivyowagawa watu kisiasa, hata majirani wakaanza kutambuana kwa kuchanjwa au kutochanjwa. Barua zilizonijia zimejaa uchungu kuliko nilivyotarajia. Leo najibu sita. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa makusudi.

Kirusi hakimuulizi mtu ni wa chama gani. Ilikuwaje chanjo ikawa ya chama?

Kwa sababu watu walimtazama anayeitangaza kabla ya kusikiliza anachosema. Tazama Marekani. Mpango wa kuharakisha chanjo ulianzishwa Mei 2020 na serikali ya Donald Trump. Oktoba 7 mwaka huo, kwenye mdahalo wa wagombea wenza, Kamala Harris, mgombea mwenza wa Joe Biden aliyeshindana na Trump, alisema kwamba madaktari wakimwambia achanjwe atakuwa wa kwanza kwenye foleni, ila akiambiwa na Trump, hachanjwi. Uchaguzi ukapita, Desemba Joe Biden na Harris wakachanjwa mbele ya kamera, na shaka ikahamia upande wa pili, kwa wafuasi wa Trump. Trump mwenyewe alichanjwa bila kutangaza, Januari 2021, kabla hajaondoka Ikulu. Desemba 2021, alipowaeleza wafuasi wake mjini Dallas kwamba ameshapata dozi ya nyongeza, baadhi yao walimzomea. Dawa iliyomo kwenye kichupa ilikuwa ileile tangu mwanzo.

Brazil nako, Rais Jair Bolsonaro alitangaza Oktoba 2020 kwamba serikali yake haitainunua chanjo ya Kichina ambayo gavana wa São Paulo, João Doria, alikuwa ameing'ang'ania. Wawili hao walikuwa mahasimu wa kisiasa. Tanzania ilionyesha sura nyingine kabisa: chama tawala hakikubadilika, alibadilika rais. Januari 2021 John Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Julai 28 mwaka huohuo Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya wananchi ili kuzindua kampeni. Katika miezi hiyo sita mwananchi wa kawaida aliambiwa mambo mawili yanayopingana, tena kutoka kiti kilekile. Halafu tunamshangaa anaposita!

Je, haya ni mambo mapya, ya zama za mitandao ya kijamii?

Hapana. Mitandao imeyapa kasi tu. Uingereza ilifanya chanjo ya ndui kuwa lazima kwa watoto wachanga mwaka 1853, na mzazi aliyekataa alitozwa faini. Asiyekuwa na fedha, vyombo vyake vya nyumbani viliuzwa au alifungwa. Machi 1885 makumi ya maelfu waliandamana mjini Leicester. Mwaka 1898 Bunge lilikubali kwamba mzazi ambaye dhamiri yake inakataa apewe msamaha.

Kisa ninachokirudia mara kwa mara ni cha Rio de Janeiro, Novemba 1904. Mganga mkuu wa serikali, Oswaldo Cruz, alikuwa sahihi kuhusu ndui. Lakini wakati sheria ya chanjo ya lazima inapitishwa, serikali hiyohiyo ilikuwa inabomoa nyumba za maskini katikati ya jiji ili kupanua barabara, na maofisa wa afya waliingia majumbani wakifuatana na polisi. Watu wakapindua tramu, wakaweka vizuizi barabarani, na takriban 30 wakafa. Serikali ikaondoa ulazima. Mwaka 1908 ndui ikarudi na kuua maelfu, na safari hii watu wakaenda kuchanjwa kwa hiari yao. Hasira ya nyumba iliyobomolewa ilikuwa imetua kwenye sindano. Ndiyo maana nikisikia mtu anapinga chanjo kwa ukali, napenda kwanza kujua ni nini kingine alichofanyiwa.

Nina shahada mbili na nilichelewa kuchanjwa kwa kuwa nilikuwa na mashaka. Nimechoka kuitwa mjinga. Kwa nini kusita kuhesabiwe ujinga?

Kusihesabiwe hivyo, na waliokuita hivyo walikukosea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wako walioumwa kwelikweli.

Mwaka 1996, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulipolikumba jimbo la Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa yake mpya iitwayo Trovan. Watoto kadhaa walikufa, wengine wakabaki na ulemavu, na familia zikadai hazikuelezwa kwamba watoto wao wako kwenye majaribio. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo hilo. Sasa fikiria: mwaka 2003, katika jimbo hilohilo, wanakuja watu na matone ya polio. Viongozi wa dini na wa siasa wakasema matone hayo yanafanya wasichana wawe tasa. Madai hayo yalikuwa ya uongo, lakini yaliangukia kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa. Chanjo ikasimamishwa kwa takriban mwaka mzima, na polio ya kaskazini mwa Nigeria ikasambaa hadi nchi ambazo zilikuwa zimeshaitokomeza. Mgogoro ulikwisha baada ya mazungumzo, na baada ya kukubaliwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, ambayo watu wa Kano waliona haina sababu ya kuwadhuru. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na kirusi cha asili cha polio. Yaani hata pale mambo yalipoharibika kiasi kile, yalitengenezeka, kwa sababu kuna watu walikubali kukaa chini na kuulizana.

Kisa cha pili kinanikasirisha hadi leo. Mwaka 2011, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliendesha kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad, Pakistan, katika kumsaka Osama bin Laden. Habari zilipofichuka, waliolipa ni wengine: tangu Desemba 2012 wachanjaji wa polio nchini humo, wengi wao wanawake, walianza kuuawa kwa risasi. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani iliahidi kwamba CIA haitatumia tena kampeni za chanjo. Juni 2024, shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba jeshi la Marekani, katikati ya janga la UVIKO-19, liliendesha akaunti bandia mitandaoni kuwatia Wafilipino shaka juu ya chanjo ya Kichina. Anayefanya hivyo anacheza na roho za watu wasiomjua.

Lakini nikuombe jambo moja, ndugu yangu msomi. Historia hiyo inakupa haki ya kuuliza. Haikupi jibu. Kwamba waliwahi kudanganya kule hakutuambii kama chanjo hii ni salama; hilo linajibiwa na majaribio yake na kumbukumbu za mamilioni waliochanjwa. Nakuomba usiziache hizo bila kuzisoma.

Tuliambiwa ukichanjwa huambukizwi. Nilichanjwa dozi mbili, nikaugua. Walitudanganya?

Walituahidi kuliko walichokuwa nacho mkononi. Majaribio ya mwaka 2020 yalipima zaidi kama mtu ataugua, wala hayakuundwa kupima kama ataambukiza wengine. Chanjo ya Pfizer na BioNTech ilipunguza kuugua kwa takriban asilimia 95, na hilo lilikuwa kweli kwa kirusi cha wakati ule. Zikaja aina mpya za kirusi, Delta, kisha Omicron mwishoni mwa 2021, huku kingamwili za waliochanjwa mapema zikipungua. Kinga dhidi ya kuambukizwa ikashuka. Kinga dhidi ya kulazwa mahututi na kufa ikadumu zaidi. Pamoja na hayo, Julai 2021, wakati Delta imeshaenea, Rais Biden alisema kwenye televisheni kwamba ukichanjwa hupati UVIKO. Kauli hiyo haikuwa sahihi.

Madhara nayo yalikuwepo. Chanjo ya AstraZeneca ilihusishwa na kuganda kwa damu kwa nadra sana, na zile za teknolojia ya mRNA, kama ya Pfizer, zilihusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, wengi wao wakipona. Kusema hayo mapema na kwa sauti kusingeua kampeni. Kilichoua imani ni mtu kuyasikia kwanza kutoka kwa wapotoshaji, akarudi kwa wataalamu akakuta wameuma maneno.

Mimi nilichanjwa, na ningechanjwa tena.

Kulazimisha kulikuwa haki?

Kwa muuguzi anayewagusa wagonjwa dhaifu, nasema ndiyo. Kwa kila mtu mzima, nasema hapana, na si kwa sababu serikali haina uwezo huo kisheria. Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali tangu 1905, katika kesi ya mchungaji aliyetozwa dola 5 kwa kukataa chanjo ya ndui. Mahakama hiyohiyo, Januari 13, 2022, ilizuia agizo la Biden la kuwataka waajiri wakubwa wahakikishe wafanyakazi wao wamechanjwa au wanapimwa lakini ikaliruhusu lile la watumishi wa afya, na mstari huo naona ulichorwa pazuri. Austria ilipitisha sheria ya kuwalazimisha watu wazima wote Februari 2022, ikaisimamisha Machi kabla haijamtoza mtu faini, kisha ikaifuta. Kilichobaki ni chuki tu.

Ufaransa inanipa kigugumizi kidogo. Julai 12, 2021, Emmanuel Macron alipotangaza kwamba kuingia mgahawani kutahitaji cheti cha kuonyesha umechanjwa au umepimwa, karibu watu milioni moja walijiandikisha kuchanjwa ndani ya siku moja. Kumbe wengi hawakuwa wapinzani, walikuwa wanaahirisha tu. Ila maandamano ya kila Jumamosi yaliyofuata yanaonyesha waliobaki walizidi kuwa wagumu.

Mimi na kaka yangu hatusalimiani tangu 2021. Hakutaka kuchanjwa, nami nilimwita muuaji kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nianzie wapi?

Dada yangu, anzia kwenye lile neno. Chanjo iache kwanza. Ulilisema mbele ya familia, basi lifute mbele ya familia, kwenye kundi lilelile, bila kuongeza "lakini". Kisha mpigie simu mkiwa wawili tu. Usimtumie makala yoyote, hata hii. Muulize mwaka ule aliogopa nini, halafu nyamaza asikie kwamba unasikiliza. Huenda jibu likakushangaza: labda ni daktari aliyewahi kumdharau, au msiba ambao familia haikuuongelea. Na wewe mwambie ulichokiogopa, maana hukumwita vile kwa kumchukia. Uliogopa kufiwa.

Usidai akiri kwamba alikosea. Watu hubadilika kwa njia wasizozitangaza. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia. Alifanya kazi mahali penye chanjo lakini akaikwepa, kwa kuwa aliogopa sindano itauma. Oktoba 1977 aliwasindikiza watoto wawili wagonjwa garini, safari fupi ya kumwonyesha dereva njia, akaambukizwa. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni za polio, na kwa wazazi waliositasita alienda na habari zake mwenyewe: jinsi alivyoogopa, na jinsi ugonjwa ulivyompata. Alifariki kwa malaria Julai 2013, akiwa kwenye kazi hiyohiyo.

Kaka yako asipopokea simu mara ya kwanza, mpe wiki moja, upige tena.