Walimu mnaoenda kupunguzwa tumbo, acheni kuaga kwa kidole tumbo

Jana usiku kanipigia mdogo wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, ana furaha mpaka sauti inakatika, Jumatatu anaingia thieta kufanyiwa slivu, ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula ili upungue uzito. Nikamuuliza kazini umeagaje? Akasema dada nimewaambia naenda kutolewa kidole tumbo, wamenielewa vizuri tu. Nikakaa chini. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alisema henia, wa pili mawe kwenye nyongo, na wote wawili baada ya miezi minne mitano walinipigia wanalia. Sitaki simu ya tatu ndio maana naandika saa hizi wakati nina madaftari ya darasa la sita yamenisubiri mezani.

Kabla hamjanielewa vibaya, siwaambii mkatangaze kwenye grupu la stafu. Mwili ni wako. Kunyamaza ni haki yako kabisa. Ninachogomba nanyi ni kutunga.

1. Kazini anayetakiwa kujua ni mwalimu mkuu, na hata yeye anachohitaji ni karatasi ya daktari inayosema umefanyiwa upasuaji na unapumzika mpaka lini. Azimio la kazi liache limeandikwa hadi wiki utakayorudi, vipindi vyako vigawiwe, basi. Ukiweza kuangukia likizo ya Juni au Desemba ni nafuu ila usimlazimishe daktari afuate kalenda ya shule.

2. Usitaje ugonjwa ambao huna. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi niliingia thieta likizo ya Desemba, kilo 118 na urefu wangu sentimita 160, yaani BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu, 46, presha juu, magoti yamechoka kusimama ubaoni. Kukatwa sikukuogopa. Niliogopa stafu. Niliogopa waseme huyu ameshindwa kufunga mdomo kaenda kukatwa, na mimi miaka yote ndiye niliyekuwa naambiwa "madam punguza wali" na mtu ambaye sahani yake imejaa kuliko yangu. Kwa hiyo nikasema naenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Nilijua hakuna atakayeuliza zaidi, wanaume wangeangalia pembeni na wanawake wangenipa pole.

Wakanipa pole kweli. Wakachanga kwenye mfuko wetu wa kusaidiana, wakaja nyumbani wanne na chupa kubwa ya uji wa karanga, nami wiki ile nilikuwa bado kwenye supu iliyochujwa, kijiko kimoja kimoja. Wakanikuta nimelala na matundu yangu matano tumboni, wakaniombea kizazi kipone. Niliitikia amina.

Mwezi wa pili akaja binti mmoja ajira mpya, yeye alikuwa na uvimbe wa kweli, akanivuta pembeni, dada walikupasua wapi, ulikaa siku ngapi, nitazaa? Nikamjibu vya kubahatisha. Nilitakiwa nisimame hapo hapo, sikusimama.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa darasa la kwanza, tumekaa dawati moja ofisini miaka tisa, mwili kama wangu wa zamani, ana sukari na presha. Ndiye aliyebeba ule uji. Kufika mwezi wa nne nimepungua kilo zaidi ya 25, sketi nimefunga na pini, akasubiri ofisi iwe tupu akanishika mkono, akasema mwenzangu niambie ukweli unafanyaje, na mimi nateseka. Hakuwa anachunguza, alikuwa anaomba msaada. Na mimi mdomo wangu ukasema maji ya moto na ndimu asubuhi, na chakula cha usiku nimeacha kabisa.

Hivyo tu. Sentensi moja, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Akafuata. Aliniamini mimi kuliko matangazo yote ya redioni. Akawa anakuja na kichupa chake cha ndimu, ananionyesha kama mtoto anayeonyesha kazi ya nyumbani, usiku hali, asubuhi hali, lakini vidonge vya sukari anameza kama alivyoandikiwa, glibenklamaidi, vile vinavyokutaka uwe umekula. Wiki ya saba, kipindi cha pili, watoto wawili wakaja ofisini wanakimbia, "madam amelala chini". Tulimkuta jasho linamtoka, anaongea maneno hayaeleweki, watoto 60 na kitu wamesimama kimya ukutani. Mwalimu wa zamu akamtia sukari mdomoni taratibu wakati tunatafuta bajaji. Hospitali wakapima, sukari imeshuka mno. Daktari akamuuliza mama umekula nini, akasema hajala, anafuata dayati ya mwenzake. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Alipona. Mimi nilikaa wiki tatu nzima bado sijasema, na hizo wiki tatu ndizo zinaniuma hadi leo kuliko ule uongo wenyewe, maana uongo ulinitoka lakini hizo wiki nilizichagua siku moja baada ya nyingine. Nilipokwenda kwake nikamweleza yote, slivu, kizazi, ndimu, hakupiga kelele. Alifikicha macho akasema, "Mimi nilidhani ni mimi ndiye sina bidii."

Wadogo zangu, hiyo ndiyo kazi uongo wetu unayofanya. Slivu inatoa karibu asilimia 80 ya tumbo, linabaki bomba jembamba kama ndizi, na sehemu inayokatwa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ile homoni ya njaa, grelini. Njaa yenyewe inabadilika. Sasa wewe umesaidiwa na daktari namna hiyo halafu unamwambia mwenzako mwenye tumbo zima kwamba ni ndimu, atajilinganisha na wewe, atashindwa, na atajichukia.

Ile hela ya mfuko niliirudisha, nikasema kwenye kikao nilichofanyiwa. Mwalimu mmoja wa kiume alicheka, wengine hawakucheka, na kabla ya chai wawili walishaniuliza gharama.

3. Sentensi ya kusema ni hii, ikariri: "Nilifanyiwa upasuaji, kupungua kulitarajiwa, naendelea na kliniki." Kila neno ni kweli na hujataja tumbo. Najua mnachoogopa, mtaani kwetu mtu akikonda haraka watu wana jibu moja tu kichwani, wanasema ana ngoma, na wanaoishi na virusi wanaumizwa na hayo maneno pia. Wewe usiingie kwenye kuapa kwamba huna hiki huna kile, rudia sentensi yako. Ukikaa kimya kabisa huku nywele zinapukutika, na zitapukutika kuanzia kama mwezi wa tatu halafu zinarudi, watakujazia wao.

4. Watakuuliza umeweka puto la tumboni. Tangu hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, waanze huduma ya puto kila aliyepungua anaitwa wa puto. Puto linapitishwa mdomoni bila kisu na baadaye linatolewa, slivu ikishakatwa imekatwa. Ukitaka waeleze tofauti, ukitaka sema hilo sijibu. Usiseme hapana ni mazoezi.

5. Chai ya saa nne ndipo siri zinapofia. Chapati mbili zilizokuwa zako zinabaki, hunywi wakati unakula, unasubiri nusu saa, watu wanaona. Beba yai lako la kuchemsha, kula taratibu, ukisikia kifua kimekaza acha hapo hapo. Mimi mara ya kwanza nilimalizia kitumbua kwa aibu ya kukikataa, nikatapikia nyuma ya choo cha walimu.

6. Watoto wanaona kabla ya walimu. Kuna binti wa darasa la nne alibaki darasani wakati wa mapumziko, akaniuliza madam utakufa? Mama yake alikonda kwanza. Sikuwa nimejiandaa. Nikachuchumaa nikamwambia nilifanyiwa upasuaji nipone na ninapona, akanitazama muda mrefu afu akaenda kucheza. Jiandae na lako.

7. Haya mafupi yaandike kwenye daftari la maandalio: vitamini na B12 ni za maisha, protini kwanza kabla ya wali, diklofenaki, vile vidonge vya maumivu mnavyomezea kichwa wakati wa mitihani, usimeze bila kumuuliza daktari wako, mimba subiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na nyie vijana mjue uzito ukishuka mimba inaingia kirahisi kuliko zamani kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla ya thieta. Ukirudi omba uondolewe zamu, paredi ya juani na hujafikisha maji yako utaanguka.

Na wewe wa Jumatatu, najua utasoma hii. Hujachelewa, mpigie mwalimu wako mkuu leo, mwambie si kidole tumbo, ni upasuaji mwingine, na karatasi inakuja, hatakuuliza zaidi, na akiuliza mwambie utamweleza ukirudi. Kwa wenzako ofisini tuma ile sentensi ya namba tatu. Ukikwama nipigie hata alfajiri, saa kumi na moja nakuwa nimeshaamka.