Siku walipokuja kukunja nyasi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni filamu gani ya zamani ya vichekesho tungewashauri wanandoa waitazame pamoja, na kwa nini. Mimi sikuhitaji kufikiri sana. Ni Fun with Dick and Jane, ile ya mwaka 1977 waliyoigiza George Segal na Jane Fonda. Nautaja mwaka makusudi, maana wengi wakisikia jina hilo wanakumbuka ya 2005, ya Jim Carrey na Téa Leoni. Hiyo nayo nitaigusa.

Kwa asiyeijua: Dick Harper ni mhandisi katika kampuni ya vyombo vya anga huko Los Angeles. Ana mke, mtoto wa kiume, mbwa, na nyumba nzuri kwenye kitongoji cha wenye nafasi. Uani mafundi wanachimba bwawa la kuogelea. Sehemu kubwa ya maisha hayo inaendeshwa kwa mikopo. Siku moja bosi anamwachisha kazi. Wanajaribu kila njia ya halali. Dick anasaka kazi na kupanga foleni ya malipo ya wasio na ajira, Jane anajaribu kazi ya kuonyesha mavazi na inamwendea vibaya. Wanakwenda hadi kwa wazazi wa Jane, watu wenye uwezo, na baba mtu badala ya kutoa fedha anatoa hotuba kuhusu faida za shida. Ndipo wanaposhika bastola na kuanza kuiba.

Jina la filamu limetoka kwenye vitabu vya kujifunzia kusoma ambavyo watoto wa Marekani walivitumia kuanzia miaka ya 1930. Dick na Jane walikuwa watoto safi, wenye baba mwenye kazi, mama mwenye tabasamu na mbwa anayekimbia. Ni zile sentensi fupi fupi ambazo sisi sote tulizipitia darasa la kwanza: baba analima, mama anapika. Familia ya watu weusi iliingizwa humo mwaka 1965 tu. Filamu inawachukua watoto hao, inawakuza, inawapa deni la nyumba, halafu inamnyang'anya baba kazi.

Na haikuwa hadithi ya kubuni tu. Safari ya mwisho ya Apollo kwenda mwezini ilikuwa Desemba 1972, na kazi za anga zilikuwa zimeshaanza kupungua kabla ya hapo. Mei 1975 ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 9. Kwa hiyo mtazamaji wa 1977 alimjua Dick. Pengine alikuwa shemeji yake, au jirani wa nyumba ya tatu mwenye shahada na tai, na hana pa kwenda asubuhi.

Lakini sababu yangu ya kuichagua ni tukio moja dogo, lile la nyasi. Wafanyakazi wa kampuni iliyotengeneza bustani wanakuja mchana kweupe, kwa sababu bei haijalipwa. Wanazing'oa zile nyasi na kuzikunja vipande vipande, kama watu wanavyokunja jamvi matanga yakiisha, wanapakia na kuondoka. Mbele ya nyumba panabaki udongo mtupu. Watu ukumbini hucheka sana hapo, na ni haki yao, maana nani amewahi kuona nyasi zikirudishwa dukani? Mimi nilipoiona mara ya kwanza sikucheka.

Miaka kadhaa nyuma, hapa Dar es Salaam, kampuni aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu ilipunguza wafanyakazi, naye akiwemo. Hakuniambia. Kwa wiki tatu aliamka saa kumi na moja na nusu, akanyoosha shati, akanywa chai, akatoka na mkoba wake. Jioni alirudi saa ile ile ya siku zote. Kitu pekee nilichokiona ni mchanga. Nilipokuwa nikisafisha viatu vyake vya ngozi usiku, nilikuta ndani yake mchanga mweupe, laini, wa pwani. Ofisi yake haikuwa karibu na bahari. Nilikung'uta, nikanyamaza.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, likaja guta na vijana wawili. Makochi tuliyochukua dukani kwa mafungu yalikuwa hayajalipiwa. Mmoja wao alinipa karatasi yenye sahihi ya mume wangu, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mama, sisi tumetumwa." Nikaita wanangu ndani. Makochi yakatolewa moja moja, yakapangwa juu ya guta, miguu ikitazama juu, yakapitishwa mtaani mbele ya genge, mbele ya duka, mbele ya akina mama waliokuwa wakichambua mchicha barazani. Hakuna aliyesema neno. Wangesema, ingekuwa afadhali.

Ndiyo maana nasema aliyeandika tukio la nyasi alikijua alichokuwa anakiandika. Deni likiwa ndani ya nyumba ni siri ya mtungi, kata ndiyo inayoijua. Likitoka nje kwa miguu ya watu wengine, linakuvua nguo. Dick na Jane walivumilia njaa na foleni. Walichoshindwa kukivumilia ni kuangaliwa.

Sisifii wizi. Wala sidhani filamu inausifia, ingawa inawaonea huruma wezi wake. Wizi wao wa mwanzo ni wa kubabaika, watu wawili wasiojua bastola inashikwaje. Wanapoibia kampuni ya simu, wateja waliopanga foleni wanawashangilia, na shangwe ile inaeleza hali ya wananchi wakati ule kuliko hotuba yoyote. Wizi wa mwisho ni wa fedha zilizofichwa kwenye sefu ya bosi kwa ajili ya kuhonga wakubwa, kwa hiyo bosi hawezi hata kupiga ripoti. Mwaka mmoja tu kabla, 1976, kashfa ya hongo za kampuni ya ndege ya Lockheed ilikuwa imefika hadi Japani, na waziri mkuu wa zamani, Kakuei Tanaka, akakamatwa. Mtazamaji hakuhitaji kuelezwa sefu ile ina nini.

Ipo mizaha humo isiyonipendeza, hasa inayowagusa watu weusi na wenye asili ya Amerika Kusini. Imechacha, na ninawaambia mapema watakaoitafuta. Mwongozaji wake, Ted Kotcheff, ndiye aliyeongoza First Blood mwaka 1982, ile Rambo ya kwanza ambayo kizazi changu kiliitazama kwenye mabanda umiza. Ukizitazama zote mbili utaona ni mtu yule yule anayemwonea uchungu aliyetumika kisha akatupwa.

Ile ya 2005 imeletwa upya baada ya kuanguka kwa Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani iliyofilisika kwa udanganyifu wa mahesabu. Ina wema wake: mwisho wake bosi anategwa hadi fedha zinarudi kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, na mimi hapo nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Nyasi nazo zimo, tena Dick anakwenda kuziiba usiku kwa majirani. Lakini Carrey anajaza skrini yote. Ya Segal na Fonda ina nafasi ya watu wawili kukaa mezani wakahesabu, mmoja akikata tamaa mwingine akashika usukani. Fonda hasa. Jane wake anakasirika, anapanga, anaogopa, anacheka, na wakati wote anajua hali halisi ya nyumba yake. Dick hakumficha. Hilo ndilo nililomwonea wivu mwanamke yule, kuliko nyumba na bwawa lake.

Mwaka jana hatimaye niliitazama na mume wangu. Sikumweleza kwa nini nimeichagua. Ilipofika pale kwenye nyasi alinyamaza, akachukua rimoti, akaisimamisha. Udongo mtupu ukabaki pale kwenye skrini. Siku ile ya makochi yeye hakuwepo, alikuwa ufukweni na mkoba wake, na tangu hapo hatukuwahi kulizungumza, hata alipopata kazi nyingine, hata tuliponunua makochi mengine.

"Mama Neema," akasema, "lile guta lilikuwa la rangi gani?"

Nikamwambia lilikuwa la bluu.