RNAi na minyoo wasiozaa: angalia yai linavyotoka kabla hujailaumu jeni ya yai

Mkuu nimesoma swali lako. Umezima jeni moja kwa RNAi ya kulisha (unawalisha bakteria wenye RNA inayoinyamazisha jeni) kwenye C. elegans, yule mnyoo mdogo wa maabara, sahani haina watoto, ukapaka DAPI, rangi inayofanya DNA ing'ae, ukakuta mabonge makubwa yanang'aa ndani ya mrija wa gonadi, yaani kiungo cha uzazi, ukaamua kwamba jeni hiyo ndo inatengeneza yai. Mimi kazi yangu na hawa minyoo ni hiyohiyo, kuangalia mayai yanavyotoka, na naomba huo uamuzi uuweke pembeni kwanza, maana bonge la DNA ndani ya mrija mara nyingi linamaanisha yai lilitengenezwa, likapevuka, shida ikawa kutoka.

Safari ya yai kwa kifupi. Kwenye ncha ya mrija kuna seli moja imebeba protini ya ishara LAG-2, seli za uzazi zilizo karibu nayo zina kipokezi chake GLP-1, cha ukoo wa Notch (vipokezi vya seli kuongea na jirani yake), na mradi ishara hiyo inafika zinaendelea kugawanyika tu. Zikisogea mbali nayo jeni za gld-1 na gld-2 zinashika usukani na seli zinaingia meiosisi, mgawanyiko wa kutengeneza mayai na mbegu. Karibu nusu zinajiua njiani na hiyo ni kawaida kabisa. Zilizobaki zinajazwa kiini cha lishe kinachotoka kwenye utumbo kupitia kipokezi RME-2, zinakuwa mayai, halafu yanapangana kama shanga upande wa karibu na spamatheka, yaani kile kifuko cha kuhifadhi mbegu, yakiwa yamesimama kwenye profesi ya kwanza ya meiosisi. Ingekuwa jeni yako imevuruga huku juu ungeona mrija mwembamba, au seli ndogondogo zimejazana bila yai la maana, sio hayo mabonge.

Sasa hapa ndo patamu. Yai halipevuki lenyewe, linasubiri mbegu za kiume ziseme. Hemafrodaiti, mnyoo mwenye mbegu na mayai yake mwenyewe, anatengeneza mbegu zake kama 300 hivi kabla hajawa mtu mzima, kisha anahamia kwenye mayai na harudi tena kwenye mbegu. Mbegu hizo zinatambaa, hazina mkia, na protini inayozitambaza inaitwa MSP, na mwaka 2001 ikaonyeshwa kwamba MSP hiyohiyo ndo ishara inayoambia yai lipevuke na inayozifanya seli za ala, zile zinazoufunika mrija, zianze kujikaza kwa nguvu. Protini moja kazi mbili, mimi mpaka leo nikiifikiria naona ni kitu kizuri sana. Ndo maana minyoo wenye jeni mbovu ya fog-2, ambao hawana mbegu, wanarundika mayai yamekaa kimya tu, ukiwaweka na madume foleni inaanza kusogea. Na zile seli za ala nazo zina breki, bila jeni ya ceh-18 mayai yanapevuka hata kama mbegu hakuna.

Haya, mlaze mnyoo kijana kwenye kipande cha agarosi, tumia dawa za kulegeza, traikeini na tetramisoli, kidogo ili mwili utulie ila ovulesheni, yaani kutoka kwa yai, iendelee (usitumie sodiamu azaidi, hiyo inasimamisha kila kitu hutaona chochote), weka darubini kwenye Nomarski (inaonyesha seli hai bila rangi) halafu kaa uangalie lile yai la mwisho kabisa, lililo jirani na spamatheka. Nyuklia yake inasogea pembeni, kuta zake zinafifia mpaka zinapotea, yai lililokuwa na kona linaanza kuwa mviringo, seli za ala zinaongeza kasi ya kujikaza, na dakika kama 5 au 6 baada ya nyuklia kupotea mlango wa spamatheka unafunguka na unavutwa juu ya yai mpaka linamezwa lote. Mbegu inaingia palepale. Kila mrija unarudia hivyo kila baada ya dakika 20 na kitu, kwahiyo ukivumilia kidogo lazima utaona.

Kwa minyoo wako nadhani utaona kila kitu mpaka mlangoni, seli za ala zinakaza, mlango haufunguki, yai linarudi nyuma. Yai lililokwisha pevuka haliwezi kurudi kusubiri, linaanza kunakili DNA yake tena na tena bila kugawanyika na hapo ndo bonge lako linapozaliwa. Watu wa fani wanaita Emo, kifupi cha endomitotic. Mlango unafunguliwa na ishara LIN-3 inayotoka kwenye yai na kipokezi chake LET-23 kilicho kwenye spamatheka, ndo zilezile zinazotengeneza uke wa mnyoo, ila kule zinapita njia ya protini Ras na hapa zinapita njia ya IP3 (molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe ndani ya seli) na kalsiamu. Maabara ya Paul Sternberg ilionyesha hilo mwaka 1998, ukiongeza nguvu ya kipokezi cha IP3, itr-1, au ukiondoa lfe-2 inayoimaliza IP3, mnyoo mwenye lin-3 mbovu anapata uzazi tena.

Cha kufanya, kwanza angalia mabonge yako wapi. Yakiwa kwenye mrija ni Emo, yakiwa kwenye mji wa mimba basi mayai yalitoka ila hayakurutubishwa, hapo wape madume wazima, wakizaa shida ilikuwa kwenye mbegu. Chukua watu wazima wachanga tu, wazee mbegu zinawaishia na wanajaza mji wa mimba mayai matupu wenyewe. Ya pili rudia RNAi kwenye minyoo wenye jeni mbovu ya rrf-1, hao kwenye ala na spamatheka RNAi haishiki ila kwenye seli za uzazi inashika, kwahiyo Emo ikipotea jeni yako inafanya kazi kwenye kuta za mrija na sio kwenye yai, ikibaki ndo uanze kulishuku yai lenyewe. Ila angalia, utumbo wa rrf-1 bado unaitikia, na utumbo ndo unaotengeneza kile kiini cha lishe, kwahiyo jeni yako ikiwa inaonekana na kule usilitumie jibu hilo peke yake.

Ukipata video ya mlango wa spamatheka iweke hapa mkuu, nitaiangalia.