Swichi ya kuwashia na pini zisizo na maandishi

Ndugu, umesema umehamishia ubao mama (motherboard) wa kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imeshaunganishwa kiwandani kwenye kasha jipya, na sasa nyaya za mbele, za swichi na taa, haziendani na pini za ubao huo. Usibahatishe. Kasha la zamani bado unalo? Hilo ndilo ramani yako.

Chomoa umeme kabisa. Weka mita ya umeme (multimeter) kwenye mlio, ile sehemu inayolia ncha zake zikiunganika, kisha pima plagi ya nyaya za kasha la zamani pini mbili mbili huku ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Zinazolia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia ndizo zenyewe. Zichore kwenye karatasi ukiwa umeitazama plagi vile inavyokaa kwenye ubao, maana ukiigeuza, kulia huwa kushoto (hapo nimewahi kupoteza saa nzima).

Waya mbili za swichi mpya zichomeke kwenye pini hizo. Hazina chanya wala hasi. Taa ya LED inazo, ikikataa kuwaka igeuze.

Ukiona pini mbili zinalia hata bila kubonyeza, zitie alama. Baadhi ya bodi hizi hutumia pini ya namna hiyo kutambua kama kebo ipo, na zikiikosa hukudai ubonyeze kitufe cha F1 kwenye kibodi kila unapowasha.