Dagaa wa Pompeii

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa mwaloni Kirumba. Mwanangu kasoma habari za Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkano. Eti nao walikula dagaa?

JIBU: Marahaba mama. Walikula, ila si wakavu tu. Samaki wadogo na matumbo yao walitiwa chumvi tele, wakaachwa juani miezi hadi wakawa mchuzi, garum. Harufu yake, nadhani, ingekushinda hata wewe! Volkano hiyo, Vesuvius, ilipolipuka mwaka 79 baada ya Kristo, duka moja la mchuzi huo lilifukiwa pamoja na mitungi yake. Wachimbaji wakakuta mifupa ya samaki ingali ndani. Tajiri wa biashara hiyo, Aulus Umbricius Scaurus, alikuwa na majivuno: sakafuni kwake alichoresha kwa vijiwe chupa zake, na maandishi ya kuisifu bidhaa.